Bunduki Iliyokula Ndani, Ikagoma Nje

Kwa miaka ishirini na minane mume wangu aliniambia kwamba ujanani alikuwa Bwana Nyama, na kwa miaka ishirini na minane sikumwamini. Bwana Nyama, kwa wasioijua lugha ya zamani ya kwetu, ni askari wa wanyamapori, yule aliyepewa bunduki na serikali ili nyati wakiingia mashambani awafukuze, na wakikataa kufukuzika awapige. Mimi nilimkuta Tanga mjini akiwa karani wa bohari, suruali imenyooshwa pasi mpaka mkunjo unakata. Mnyama mkali kuliko wote niliyewahi kumwona akikabiliana naye ni bata mzinga wa jirani, na bata mzinga alishinda.

Hapa Alexandria ya Virginia, Marekani, kazi yake ni kwenye maegesho ya chini ya hoteli, kuwaonyesha wageni pa kuweka magari yao. Ni kazi ya halali na sina neno nayo. Neno ninalo na zile hadithi. Kila akija mgeni, kabla chai haijamiminwa, nyati yule yule anatoka kwenye kichaka kile kile, na mume wangu anapiga ile risasi ya pili iliyomwokoa. Mimi nilishazoea kunyanyuka hadithi inapoanza tu, nikaenda kukaanga sambusa.

Mwaka aliotimiza sitini akanunua bunduki. Kisa ni fundi mmoja wa hotelini kwao, mzee Mmarekani mwenye shamba mbele ya Manassas, aliyemwambia kwamba kulungu wamejaa shambani kwake na akitaka aje awinde. Mzee wa watu alisema hivyo pengine kwa adabu tu, kama sisi tunavyomwambia mtu karibu chakula huku tukiomba akatae. Mume wangu hakukataa. Alikwenda kusoma kozi ya uwindaji, akakaa darasa moja na watoto wa shule, akafaulu, akarudi na cheti akakibandika kwenye friji.

Bunduki yenyewe ilikuwa mpya, kitako cha mbao ya rangi ya asali, na chini ya kifyatulio ina mkono wa chuma uliopinda. Risasi zinapangwa mstari ndani ya bomba lililolala chini ya mtutu, na springi inazisukuma nyuma. Ukiupeleka mkono ule mbele, ganda la risasi iliyotumika linaruka nje. Ukiurudisha, risasi nyingine inanyanyuliwa na kuingizwa ndani. Kazi yote ni hiyo. Haina betri wala kompyuta, na mume wangu alivyoielezea kwa siku tatu mfululizo ungedhani ameibuni yeye.

Nilikubali iingie nyumbani kwa masharti. Ikae ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, risasi zikae mahali pengine kwa ufunguo mwingine, na isije ikaingia kutu ndani ya nyumba yangu. Ufunguo wa kabati aliuficha ndani ya kofia yake ya kazi, mahali ambapo mwizi asingepafikiria na mke anapafikiria kwanza.

Sasa nieleze Ijumaa yangu. Mama yangu, kila Ijumaa asubuhi, alizunguka nyumba nzima na kitambaa na kichupa cha mafuta ya nazi. Alipaka bawaba, kufuli, mikasi, meno ya mbuzi ya kukunia nazi, kila chuma alichokiona, kwa sababu upepo wa bahari wa Tanga hauachi chuma. Tundu likionekana, linapata tone lake. Mimi nilikuja na Ijumaa hiyo Marekani, nikaendelea nayo katika ghorofa ya nne ambako bahari hata harufu yake haifiki. Na kabati lile lina kufuli, na ndani ya kabati mna chuma. Nilipaka kufuli, nikafungua, nikapaka na bunduki, kitako na mtutu, na kwa kuwa ubavuni ina kijitundu cha kuingizia risasi, na kijitundu kikapata tone lake. Au matone, maana mimi si mtu wa kubania. Sikumwambia, kwani hata mikasi sijawahi kumwambia.

Mwezi wa Septemba mambo yalikuwa mazuri. Alikwenda kwenye kiwanja cha shabaha cha nje, huko huko Manassas, akarudi anapiga miluzi. Alikuwa anafuatana na rafiki yake, jamaa wa Nairobi anayeendesha teksi ya uwanja wa ndege, mtu mwenye elimu ya kila kitu duniani kwa sababu kila kitu ameshakitazama kwenye simu. Huyu hakuwahi kushika bunduki maishani. Kwa hiyo ndiye aliyekuwa mshauri mkuu.

Oktoba ilipoingia na baridi yake, bunduki ikagoma. Walirudi Jumamosi ya kwanza wamenuna wote wawili, wakakaa sebuleni kwangu, bunduki imelazwa mezani juu ya taulo.

"Shemeji, hii kitu iko na shida ya feeding," jamaa akanieleza, kama daktari anayezungumza na ndugu wa mgonjwa. "Risasi ya kwanza inaingia poa. Ya pili inakwama katikati. Haipandi, hairudi."

"Haili," mume wangu akasema. "Nje haili."

Akapakia risasi za bandia, zile za mazoezi zisizo na baruti, akauvuta ule mkono. Ikala. Akavuta tena, ikala tena. Pale sebuleni, chini ya joto la jengo letu ambalo hata Januari linatufanya tukae na kanga kifuani, ile bunduki ilikula risasi zote bila kuacha hata moja. Wakatazamana. Mimi nikasema labda inaona haya kula mbele za watu. Jamaa wa Nairobi akacheka mpaka akashika meza.

Basi ikawa hivyo Oktoba nzima na nusu ya Novemba. Kila Jumamosi wanatoka asubuhi na bunduki inayokula, wanafika kiwanjani inagoma. Kila Jumamosi adhuhuri mume wangu anaifuta juu juu, anaijaribu hapa ndani, na inakula. Jamaa akaja na nadharia. Wiki ya kwanza kosa lilikuwa la risasi, zibadilishwe, zikabadilishwa. Wiki ya pili springi imechoka, springi ya bunduki yenye miezi miwili. Wiki ya tatu alikuja na kipande cha msasa mfukoni, anataka kusugua kile kipande cha ndani kinachonyanyua risasi, kwa sababu kuna mtu Texas alisugua cha kwake kikapona. Mume wangu alimwondoa mezani kwa adabu sana.

Wakampigia simu mwuza bunduki. Yeye hakutaka hata kuiona. Alisema bunduki za namna hii hazitaki mkono wa kubembeleza. Ukivuta nusunusu zinakwama, kwa hiyo avute kama mwanaume. Jamaa alinitafsiria maneno haya kwa furaha, ingawa Kiingereza nakijua kuliko yeye. Nami sikuliacha hilo lipite. Siku nzima nilimwambia mume wangu avute mlango wa friji kama mwanaume, avute kiti kama mwanaume. Yeye alikuwa anatabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo, tabasamu la mtu anayesubiri mvua ipite.

Mambo yangeishia kwenye utani kama jamaa wa Nairobi asingekuwa na simu. Mzee wa shamba alikuwa amempa mume wangu Jumamosi moja tu, kwa sababu Jumamosi nyingine za msimu ni za wanawe na wakwe zake. Jumapili inayofuata, watu wetu wa pwani tulikuwa na mjumuiko wetu wa kila mwaka kwenye ukumbi kule Lanham, jimbo la jirani. Bila kumwuliza mtu, jamaa akaandika kwenye kundi la WhatsApp: mwaka huu pilau ni ya kulungu, Bwana Nyama analeta mwenyewe. Yakafuata vidole gumba na makofi yasiyo na idadi. Tangu dakika ile haikuwa tena habari ya nyama. Miaka ishirini na minane ya nyati na vichaka ilikuwa imewekwa mezani, na Jumapili ile watu wangejua kama ni kweli au ni porojo. Yeye alijua hivyo. Alianza kuamka kabla ya adhana ya simu, anakaa sebuleni anavuta ule mkono taratibu, risasi za bandia zinaangukia kwenye kapeti.

Na mimi nilifanya nini? Alhamisi ya wiki ile jamaa alikuja kula kwetu, akauliza kwa upole, safari hii bila utani, kama kweli bunduki ile itakula siku ya siku. Nikajibu mimi. Nikasema, "Muulize bata mzinga wa Tanga." Nikakieleza kisa chote, namna alivyokimbizwa akipoteza ndala moja, na kwamba huyo ndiye mnyama pekee katika uwindaji wake mwenye shahidi. Jamaa alicheka. Mume wangu aliinuka, akakusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai, akaenda kuviosha. Niliona mgongo wake pale kwenye sinki na nikajua nimevuka. Radhi sikuomba, kwa sababu hiyo ni kazi ambayo sijawahi kuwa na kipaji nayo.

Ijumaa asubuhi nikapaka mafuta yangu kama kawaida, nikaenda kazini. Yeye alichukua ruhusa, akaenda na jamaa Manassas kumkabidhi mwuza bunduki yule mgonjwa ana kwa ana.

Nilirudi saa kumi jioni, nikakuta jamaa ameshafika mlangoni, mume wangu bado anahangaika na maegesho chini. Aliingia jikoni huku ameshaanza kucheka.

"Shemeji, tumepata. Jamani, tumepata." Akavuta kiti. "Yule mzungu karakana yake iko kwa uwani, haina heater, baridi kama ya nje. Akafungua ile kitu yote. Unajua ndani kulikuwa na nini? Mafuta. Meupe, yameganda kama samli kwa fridge. Hiyo bomba ya risasi yote imejaa, springi haisongi. Ndiyo maana kwa nyumba inafanya, nje inakataa. Kwa nyumba yanayeyuka, kwa baridi yanashika. Mzungu akachukua kidogo kwa kidole akanusa. Akasema, hii si ni coconut?"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Kichupa kilikuwa pale pale juu ya kizingiti, karibu na kioo cha baridi, na mafuta ndani yake yalikuwa meupe na magumu kama mshumaa. Kila mwaka, Novemba mpaka Machi, nakichovya kichupa hicho kwenye maji ya moto kabla ya kupaka nywele. Asubuhi ile ile nilikuwa nimekichovya kabla ya kulifungua kabati. Miaka yote hii nayeyusha kwa mikono yangu, na sikuwahi kufikiria kwamba kinachoganda ndani ya chupa kitaganda na ndani ya chuma.

"Mzungu akauliza, nani ameweka hii?" jamaa akaendelea, anafuta machozi. "Si mzee wako akasema, ni mimi. Ni mafuta ya kwetu, nilidhani yanafaa. Wah, shemeji. Huyo mzungu alicheka akaita mwenzake aje aone. Bwana Nyama mzima anapaka bunduki mafuta ya nywele. Hii lazima watu wa Lanham waisikie."

Nilicheka. Naandika hili kwa aibu, lakini lilitokea: kicheko kilitoka chenyewe, kwa mazoea, kwa sababu kwa wiki saba kila jamaa alipocheka na mimi nilicheka. Kisha kikakatika. Mume wangu hakuwahi kupaka bunduki ile mafuta ya nazi hata siku moja. Mume wangu hata kichupa kinapokaa hajui.

Alipopanda, jamaa akaaga. Mume wangu akatandika taulo sebuleni, akaanza kuifuta bunduki kwa kitambaa kikavu, polepole, kuhakikisha tu, maana mwuza bunduki alishaisafisha. Nilikaa kiti cha mbele yake. Hakuniangalia. Alisema, "Ijumaa ijayo kabati hili liruke, mama watoto."

"Umejua lini?"

"Leo, aliponusa yule."

"Hukuwahi kuisikia harufu?"

"Nimeisikia tangu siku ya kwanza. Nilidhani ni harufu ya nyumba."

Nikamwuliza kwa nini alisema ni yeye. Akanyanyua mabega. "Ungetaka niseme mke wangu? Pale, mbele ya yule mwenye simu?" Akaendelea kufuta. Kwetu neno la jambo hili ni sitara, kumfunika mwenzako asionekane uchi mbele za watu, na mama yangu alinifundisha neno hilo kabla hajanifundisha kupika. Mimi nilimvua mtu yule shati wiki saba mfululizo mbele ya mgeni. Yeye, siku moja tu alipopata nafasi ya kunivua, alivua lake akanifunika. Niliona haya kiasi kwamba nilikwenda kukunja nguo zilizokwisha kunjwa.

Jumamosi bunduki ikala. Sikuwepo, nasema niliyoambiwa na jamaa, ambaye alikwenda kushuhudia na hana sababu ya kumpamba mtu. Anasema walikaa saa tatu kwenye baridi mpaka miguu ikafa ganzi, kulungu dume akatokea ukingoni mwa miti. Mume wangu akataja jina la Mungu akapiga, akakosa, risasi ikakata tawi. Mnyama akageuka. Hapo, anasema jamaa, mume wangu hakuishusha bunduki begani wala hakupepesa jicho; ule mkono ukaenda mbele na kurudi kwa mpigo mmoja, risasi ya pili ikapanda, ikatoka. Kulungu hakufika hatua kumi. Mume wangu alimfikia na kisu kabla hajakata roho, akamchinja kama inavyopasa. "Shemeji," jamaa akaniambia, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka, "ile speed si ya mtu wa parking."

Ungedhani mtu aliyeona hayo angekuwa na jambo la maana la kusimulia Lanham. Jumapili mchana ukumbi ulijaa, pilau la kulungu likapakuliwa kwenye sinia, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Watu walikula kwa vidole na kulamba. Na jamaa akasimama na kikombe cha soda, akaanza, si na risasi ya pili, bali na mafuta. Alisimulia vizuri, lazima niseme. Aliiga kidole cha mzungu, aliiga pua. Alipofika kwenye "ni mimi, ni mafuta ya kwetu," ukumbi mzima ulilipuka. Mtu wa nyuma akaita, "Bwana Mafuta," na jina likapokelewa papo hapo. Watoto, ambao Kiswahili wanakisikia na hawakijibu, nao wakaliitikia. Yeye alikaa pale na sahani yake, na lile tabasamu la upande mmoja, akisubiri mvua ipite. Kulungu wake alikuwa midomoni mwao, na hakuna aliyemkumbuka.

Niliweka sahani chini. Bibi mmoja wa Unguja aliyekaa kando yangu aliniuliza kama pilau limenichoma. Nikasimama, nikavuka mpaka katikati ya ukumbi, mahali ambapo mwanamke wa umri wangu haendi bila sababu.

"Mafuta ni yangu," nikasema. "Nimeyapaka mimi, kila Ijumaa, bila kumwambia. Yeye amejua juzi, akasema ni yake. Kama mnataka kumwita mtu Mafuta, niiteni mimi."

Kisha yule bibi wa Unguja akaanza kucheka kule nyuma, kicheko kirefu cha kohozi, na wanawake wakamfuata, na wanaume wakawafuata wanawake. Nilisimama nikachekwa. Si jambo zuri hata kidogo, na sasa najua linavyouma likija kila wiki. Tangu siku ile mimi ni Bi Mafuta, kwenye kundi la WhatsApp na misibani vilevile, na sidhani kama nitazikwa kwa jina jingine.

Kwenye gari, tulipokuwa tumekwisha kuingia barabara ya mzunguko kurudi Virginia, mume wangu alikuwa amekasirika. Huwa hakasiriki.

"Nani alikuuliza?" akasema. "Nimejitwisha mzigo mwenyewe, nimeshauzoea, wewe unakuja kuutua katikati ya watu."

Magari yalisimama mbele yetu, mstari mrefu wa taa nyekundu mchana kweupe. Nilitazama mkono wake juu ya gia, mkono wa kuonyesha magari, na nikauona ukienda mbele na kurudi kwa mpigo mmoja.

"Nisimulie ile ya nyati," nikasema.

"Hukuwahi kuiamini."

"Siiamini. Nisimulie."

Foleni ikasogea. Kisha akaanza tangu mwanzo kabisa, tangu asubuhi wanakijiji walipokuja kumwita, sehemu ambayo sikuwahi kuisikia, kwa sababu siku zote nilikuwa jikoni.